Choo Kinachotuma Ripoti

Jumanne, tarehe tisa Juni. Kulipambazuka na manyunyu, yakakatika kabla ya saa nne, kisha jua likatoka kali hata mabati ya maduka yakawa yanafuka mvuke. Mchana wa siku hiyo, fundi bomba ambaye mtaa mzima ulimwita Koki alisoma habari iliyomfanya aache kula.

Alikuwa amekalia gunia la saruji ndani ya duka la vifaa vya ujenzi, mahali ambapo mafundi hujipumzisha wakingoja kazi. Mwenye duka, waliyempachika jina la Mama Misumari, alikuwa akiwawekea gazeti kwenye kaunta, na msomaji wao alikuwa Koki. Ukurasa wa teknolojia ulikuwa kwake kama kidonda kinachowasha: alijua kukikuna kutamuuma, lakini mkono haukutulia. Juma lililopita alikuwa amewasomea habari za friji inayomgombeza mwenye nyumba akiifungua usiku. Kabla ya hapo ulikuwa mswaki unaotaka intaneti.

"Leo wamezua nini?" aliuliza Mama Misumari.

Koki alisogeza gazeti mbali kidogo na macho. "Kamera ya kupachika chooni."

"Mlangoni pa choo?"

"Ndani ya choo chenyewe. Inaangalia ulichokiacha, inakipiga picha, inakichunguza, halafu inakutumia ripoti kwenye simu."

Fundi rangi, aliyekuwa karibu naye, alikirudisha kipande chake cha mkate kwenye karatasi. "Na kama haikupendezwa?"

"Inakushauri. Mwenye kampuni anasema hivi: 'Kila siku binadamu anaitupa hazina ya taarifa bila kujua.'"

"Hazina," alisema Mama Misumari. "Kumbe wewe Koki ni tajiri. Umezibua hazina za mtaa mzima na bado unanikopa gundi."

Walicheka. Koki alikunja gazeti, akaenda kutema mate nje, akarudi akakifunga chakula chake kwenye mfuko.

Si kwamba alikuwa mtu wa kuona kinyaa ovyo. Mikono yake ilikwishaingia pasipoingizwa mkono, na akitoka hapo alinawa, akala, akalala usingizi. Lakini alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kabla ya kuzibua choo cha mtu, aliwaomba watu wa nyumba waondoke ukumbini. Alichokitoa alikitia kwenye ndoo nyeusi yenye mfuniko, akaibeba mwenyewe mpaka nje bila kumpa mtu. Katika mabomba ya watu alikwishakuta pete, meno ya bandia, barua zilizochanwa, hata simu nzima ambayo ilionekana wazi kwamba haikuanguka kwa bahati mbaya. Akiulizwa kulikuwa na nini, jibu lake lilikuwa moja: "Maji yalikuwa hayapiti. Sasa yanapita." Mkewe mwenyewe hakupata zaidi ya hapo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hii ilikuwa kata isiyosema.

Jioni alipofika nyumbani, alimkuta shemeji yake sebuleni, kaka wa mkewe, akiwa na boksi jeupe magotini. Shemeji alikuwa wakala wa kampuni ya vifaa vya kisasa, na kitambulisho cha kampuni hakikutoka shingoni mwake hata siku za mapumziko. Koki aliitazama picha iliyokuwa kwenye boksi.

"Hiki nimekisoma leo gazetini," alisema. "Nilidhani kiko ng'ambo."

"Dunia imekuwa kijiji, shemeji."

"Kijiji hata kiwe kidogo namna gani, choo huwa na mlango."

Mkewe alitoka jikoni akijifuta mikono. Akamweleza kwa sauti ya chini, kwa sababu mama yake alikuwa chumba cha pili. Mama mkwe alikuwa amehamia kwao tangu mvua zilipoanza, na tangu hapo alikuwa akipungua kama sabuni. Tumbo lilikuwa likimsumbua, hilo walilijua kwa jinsi alivyoinuka mara kwa mara. Lakini akiulizwa alijibu "Sijambo," na hata daktari walipompeleka, binti yake akiwa kando na muuguzi akiingia na kutoka, alijibu hivyohivyo. Daktari akasema hawezi kutibu sijambo.

"Hiki kitatuambia asichotaka kusema," alisema shemeji.

"Ameambiwa?"

Shemeji alianza kulifungua boksi.

"Tukimwambia atakataa," alisema mkewe.

"Basi amekwisha kukataa."

"Baba watoto, mama anakwisha. Nikimshika mkono nashika mfupa. Wewe una njia nyingine?"

Koki alitafuta kichwani, hakuipata. Kesho yake, mama mkwe akiwa uani anaota jua, aliingia chooni na spana yake, akajifungia mlango. Kilikuwa kidude cheupe kama sahani ndogo, chenye jicho moja lililoelekea chini. Alikifunga vizuri, kwa sababu hakujua kufunga vibaya. Kisha alinawa kwa sabuni ya kipande, akanawa tena, na bado aliona kama mikono inanuka.

Shemeji ndiye aliyemalizia upande wa simu. Chombo, ambacho humpa kila mtumiaji namba badala ya jina, kiliuliza ripoti zipelekwe kwa nani. Yeye, akiwa na haraka ya kwenda kwa mteja mwingine, akagusa kundi la kwanza aliloliona limeandikwa jina la familia. Hakuangalia kwamba lilikuwa kundi la ukoo mzima: mashangazi, wajomba, binamu walioko mbali, wakwe wa wakwe, na mama mkwe mwenyewe.

Alhamisi usiku walikuwa mezani. Shemeji naye alikuja kula. Mama mkwe alikaa mwisho wa meza, amegeuka kidogo upande, kama alivyofanya siku zote akila na mkwe wake. Simu yake ilikuwa mapajani. Kwa kuwa macho yake yalikuwa yamefifia, mjukuu mmoja alikuwa ameitengeneza imsomee kila ujumbe kwa sauti.

Simu zote zikalia kwa pamoja. Ya mama mkwe ikaanza kusema, kwa sauti kavu ya mwanamke kama anayetangaza treni:

"Ujumbe mpya katika Ukoo Wetu. Ripoti ya choo. Mtumiaji wa kwanza. Leo ametumia choo mara sita. Hali: majimaji. Rangi—"

Mama mkwe aliifunika simu kwa kiganja, lakini sauti iliendelea kutoka kati ya vidole mpaka ikamaliza rangi, harufu iliyokadiriwa, na ushauri. Hakuna aliyetafuna. Koki aliangalia sahani yake, na chakula kikawa mbele yake kama kitu alichokitoa kwenye bomba.

Mama mkwe aliinuka. Alinawa mikono taratibu, kidole kwa kidole, akaingia chumbani. Muda si mrefu wakasikia zipu ya begi.

Binti yake alimfuata mpaka mlangoni. "Mama, unafanya nini?"

"Kesho napanda basi la kwanza. Narudi kwangu. Kule choo changu kina mlango wa mbao na hakimjui mtu."

Kwake hakukuwa na mtu. Aliyekuwa akimchotea maji alikwishaondoka, na jirani wa karibu alikuwa mbali kwa miguu yake. Mke wa Koki alirudi mezani, akakaa, machozi yanamtiririka. Kila mmoja pale alijua kwamba akienda na tumbo lile hatarudi.

Simu zikaendelea kulia. Shangazi mmoja aliuliza: "Huyu mtumiaji wa kwanza ni nani?" Binamu akajibu: "Ajitokeze tumpe pole." Mjomba akaweka nyuso tano zinazocheka. Shemeji alichukua simu yake, akaanza kuandika.

"Unawaambia nini?" aliuliza Koki.

"Nawaeleza kwamba ni mama, tunamfuatilia afya. Wakielewa hawatacheka."

"Weka simu chini."

"Shemeji, hili ni kosa dogo tu la mpangilio."

"Nimesema weka chini."

Shemeji akaiweka. Koki aliingia chooni na spana, akakifungua kile kidude, akakitumbukiza kwenye ndoo yake nyeusi, akakandamiza mfuniko. Shemeji alimsimamia mlangoni akiushikashika ule mkanda wa kitambulisho.

"Ukikitoa bila fundi wa kampuni dhamana inakufa."

"Ife. Tutaizika."

"Na hata ukikitoa, taarifa zimeshapanda."

"Zimepanda wapi?"

"Juu. Kwenye wingu."

Koki aliisogeza ndoo kando. "Yaani umechukua haja ya mama yako mzazi ukaipandisha mawinguni. Na mvua ikinyesha, shemeji, nani ataanua nguo?"

Koki alikaa kwenye kigoda cha ukumbini, akatoa simu yake. Katika kundi lile hakuwahi kuandika zaidi ya "Poleni" na "Hongereni." Aliandika kwa kidole kimoja, akafuta, akaandika tena. Alijua vizuri anachokifanya. Ukoo ule ulikuwa na kumbukumbu ya tembo kwa mambo ya kuchekesha. Mtu aliyewahi kuanguka na kiti harusini bado aliitwa Kiti. Akatuma.

Chumbani, ile sauti ya treni ikasoma: "Ujumbe mpya kutoka kwa Mkwe Fundi. Ndugu zangu, mtumiaji wa kwanza ni mimi. Nilikuwa nakijaribu chombo cha shemeji, na tumbo limenichafuka tangu jana. Mniwie radhi."

Majibu hayakukawia, nayo simu ya mama mkwe ikayasoma yote, moja baada ya jingine, nyumba nzima ikisikiliza. "Pole baba, punguza pilipili." "Mara sita? Fundi wa mabomba, na lako linavuja?" "Mleteeni tepu ya bomba." "Tangu leo jina lake Mtumiaji wa Kwanza." Mjomba aliweka nyuso zinazocheka, na mashine kwa uaminifu wake ikazihesabu.

Mke wa Koki alimtazama mumewe kama aliyemwona mgeni akiingia. Zipu haikusikika tena.

Baadaye kidogo sauti ikatoka nyuma ya mlango.

"Baba."

"Naam, Mama." Koki alisimama, akaugeuzia mlango mgongo, akawa anautazama ukuta.

"Hilo tumbo lako limeanza lini?"

"Jana, Mama."

"Mimi naona limeanza zamani. Tangu mvua zilipoanza."

Koki alikuna kidevu. "Inawezekana, Mama. Mtu hujikaza."

"Kujikaza mpaka mtu akakwisha ni ujinga. Na mara nyingine huwa na damu. Hilo nalo umeliona?"

"Nimeliona, Mama," alisema Koki polepole, na mkewe akaziba mdomo kwa kanga.

"Basi kesho uende kwa daktari."

"Ningekwenda. Ila sina wa kunisindikiza. Mama watoto anaingia kazini mapema."

Begi likasikika likiburutwa, likisukumwa chini ya kitanda.

"Nitakusindikiza mimi," ilisema sauti. "Lakini daktari awe mmoja. Pasiwe na mtu wa kuingia na kutoka. Na mlango ufungwe."

"Mlango nitaukagua mwenyewe."

"Na kile kidude?"

"Kiko ndooni, Mama. Nimekifunika."

Kesho yake asubuhi mawingu yalikuwa yametanda, mvua bado haijaamua. Koki alivaa shati safi, akaiacha ndoo mlangoni kwa shemeji, na njia nzima alitembea hatua moja mbele ya mama mkwe wake, akijishika tumbo kila walipopishana na mtu anayewajua. Wakiwa bado njiani simu zao zikalia, na ile ya mama ikatangaza: "Mtumiaji wa kwanza, hatujakuona leo. Je, unakunywa maji ya kutosha?"

"Mjibu," alisema mama mkwe. Ndiyo mara ya kwanza Koki kumsikia akicheka tangu ahamie kwao.

Zahanati ilipofunguliwa na mgonjwa kuitwa, Koki aliinuka, akamfikisha mama mpaka mlango wa daktari. Akakijaribu kitasa. Kilikuwa kimelegea. Akatoa bisibisi mfukoni, akakaza skrubu mbili huku muuguzi akimshangaa, akakijaribu tena, kikashika. Mama mkwe akapita, mlango ukafungwa. Koki akarudi kwenye benchi, akakaa na mgongo wake umeuelekea mlango ule, na muuguzi alipotaka kuingia na faili akamwambia angoje.