Mkono Ndani ya Ntumba

Asubuhi ile kabla ya kuitwa jeshini tulikuwa tunageuza ntumba kwenye kilima chetu huku Ufipa, juu ya njia ya Chala. Si kilima kirefu, mbuzi anafika kileleni bila kuhema, lakini vitongoji vyote vinavyokizunguka vinalima pale pamoja, leo kwako kesho kwangu, mwenye shamba anatoa pombe ya ulezi. Ntumba ni tuta la mviringo; nyasi unazifukia ndani yake, zinaoza. Rafiki yangu Gaudensi hakupita tuta bila kuzamisha mkono. Likiwa la moto, nyasi zinaoza vizuri.

"Unapapasa kama mkunga!" mkewe Restituta alimtania.

Tulipoondoka kwenda vita vya Kagera, Restituta alinishika shati.

"Shemeji, huyu unirudishie."

Nikamwambia nitamrudisha.

Miezi ikapita. Siku moja tulipanda kilima kifupi upande wa Uganda. Adui alikuwa ameshakimbia. Mteremko mzima ulikuwa na vilima vidogo vya udongo mbichi, vya mviringo, nyasi zimechomoza pembeni.

Gaudensi akacheka. Tangu tutoke nyumbani sikuwa nimemsikia akicheka.

"Kumbe hata huku kuna Wafipa!"

Akainama.

Akazamisha mkono.

Tulimzika palepale, kile tulichokipata. Nina hasira mpaka leo na sitaki kutulizwa. Mtu akipigwa risasi vitani, sawa, ndiyo vita. Lakini kutega bomu shambani, umuue mtu kwa sababu ni mkulima? Washenzi wakubwa! Na huku nyumbani viongozi wanasimama kuhutubia eti alikufa akishambulia. Alikuwa anakagua tuta, basi. Restituta nilimweleza hivyohivyo.

Msimu huu nilipita shambani kwake. Siku hizi ni bibi, nywele nyeupe pe. Nikamkuta ameinama, mkono umezama hadi kiwiko.

"Toa mkono!"

Nilifoka mpaka wakulima wa upande wa pili wa kilima wakasimamisha majembe. Nikakaa chini kwenye udongo.

Restituta aliutoa mkono taratibu, akanusa vidole.

"La moto," akasema. "Shemeji, hili ni shamba langu."

Akasogea kwenye tuta linalofuata, akainama tena. Nikageuza uso, nisione.