Siku Tisa na Gari la Mdogo Wake

Mtaa mzima ulimwita Dada Fundi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwembamba, mwenye mikono ambayo sabuni ilishaikatia tamaa, na gereji yake ilikuwa uani kwa baba yake, penye nafasi ya magari manne kwa kubanana. Miaka ishirini na miwili alifanya kazi ubavuni mwa baba huyo. Macho ya mzee yalipoanza kuingia giza, yeye ndiye aliyekuwa macho yake: mzee akigusa, binti akitazama, na kazi ikaenda.

Katika gereji ile kulikuwa na gari moja ambalo halikuwa la mteja. Lilikuwa gari la mbio la zamani, la milango miwili, lililolala chini, silinda sita, rangi ya kijani iliyopauka. Mzee alilinunua likiwa limepondeka ubavu mzima, wakalifufua wao wawili kwa miaka mitatu, kila walipopata nafasi. Dada Fundi alisaga vali zake kwa mkono. Viti alivishona yeye. Injini ile ikinguruma, aliweza kukwambia imeamkaje.

Siku mzee alipokiri kwamba hataona tena, ufunguo alimkabidhi Kitinda.

Kitinda alikuwa mdogo wake, mtoto wa mwisho, karani katika ofisi ya bima, mtu wa shati jeupe na viatu vya kung'aa, ambaye ukimwomba spana namba kumi atakuletea koleo. Siku ile Dada Fundi alipiga makofi pamoja na wengine. Kisha akaenda nyuma ya gereji akanawa mikono iliyokuwa safi.

Tangu hapo wivu ulimkaa kooni. Kitinda akipita na gari lile na kupiga honi mara mbili kumsalimu dada yake, dada aliingiza kichwa ndani ya boneti ya mtu akajifanya hakusikia. Wifi yake akimtumia picha za matembezi yao, alizikuza kwa vidole, si kuwatazama watu, bali kutazama gari: tairi za mbele zimeisha upande mmoja, taa imeingia maji, hawalitunzi hawa. Alijua ni kijicho. Alijisuta, akaahidi kuacha, na kesho yake akakuza picha nyingine.

Ndipo zikaja habari kwamba gari linachemsha. Alizisikia kwa muuza vipuri. Mjini, katika foleni, lilikuwa tulivu kabisa, lakini ukilitoa barabara kuu ukalikimbiza dakika kumi, mshale wa joto ulipanda mpaka kwenye nyekundu. Kitinda alikuwa ameshazunguka kwa mafundi watatu. Wa kwanza alimbadilishia rejeta, wa pili pampu ya maji, wa tatu akatoa themostati, kile kidude kinachopitisha maji yakishapata moto, akaitupa, na gari likaendelea kuchemsha vilevile.

Dada Fundi alifurahi, tusifiche. Alirudi nyumbani akipiga mluzi. Alipofika mlangoni ndipo lilipomchoma jambo la pili: mafundi watatu, na hata mmoja si yeye.

Mwishowe Kitinda alikuja, siku ya Jumatatu, amelowa jasho kuliko gari lenyewe. Alieleza kwamba hakutaka kumsumbua, kwamba alijua ana kazi nyingi. Dada yake alimsikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa, akamwambia aache ufunguo.

Kitinda alipoondoka, alifungua boneti. Mdogo wake alikuwa amelipamba. Mipira ya maji, ile myeusi aliyoifunga yeye na baba yake, ilikuwa imeng'olewa, na badala yake ikawekwa ya bluu inayong'aa, laini, ya kuonyesha watu. Aliwasha injini, akaiacha ipate moto, kisha akavuta waya wa mafuta kwa kidole huku akiinamia mpira wa chini, ule unaotoa maji kwenye rejeta na kuyapeleka kwenye pampu. Injini ilipopanda, mpira ule ulifyonzwa ukabonyea bapa, kama mrija wa soda. Aliachia waya, mpira ukafura tena. Basi. Injini ikizunguka polepole maji yalipita, ikizunguka kwa kasi pampu ilijinyonga yenyewe. Mpira wa zamani ulikuwa na springi ndani ya kuuzuia usibonyee. Huu haukuwa na kitu.

Ilimchukua dakika ishirini kuugundua ugonjwa na saa moja kuuponya. Alitafuta mpira mweusi wa kipimo kile, akautia springi, akaufunga, akatia na themostati mpya, akajaza maji na kuyatoa hewa. Kabla ya saa kumi alilipeleka barabara kuu. Kwanza ilibidi avute kiti mbele meno matatu, maana kilikaa kwa kipimo cha miguu ya Kitinda, na harufu ya manukato ya wifi yake ilikuwa imeingia hata kwenye mkanda. Alifungua madirisha yote mawili. Akalipandisha mwendo mpaka mia na ishirini, likashika, na mshale ukasimama katikati kama umepigiliwa msumari.

Aliporudi, Kitinda alipiga simu kuuliza. Dada Fundi alifungua kinywa kusema limepona, akajisikia akisema kipuri kimeagizwa, avumilie.

Uongo ule ulizaa siku tisa. Kila alasiri alifunga gereji saa moja kabla ya wakati, akavaa blauzi safi, akatoka na gari. Alifika mpaka kituo cha mafuta cha mbali, akageuza. Wateja wakimuuliza alisema analijaribu. Alirudi uso umemng'aa, na akilizima tu, kijicho kilimrudia kikali kuliko jana, kwa sababu kila siku aliyoiba ilimwonyesha vizuri zaidi kitu alichonyimwa. Kitinda alipiga simu siku ya tatu, ya tano na ya saba, kwa adabu, akienda kazini kwa kuomba lifti. Jirani yake wa ofisini alishaanza kumkwepa.

Siku ya tisa alipoingiza gari uani, mzee alikuwa barazani, kwenye kiti kilichotolewa katika basi dogo bovu. Alisubiri mpaka injini ilipozimwa.

"Hilo limepona tangu Jumatatu ile," alisema.

"Nalijaribu tu, baba."

"Mwanangu, mimi ni kipofu, si kiziwi."

Dada Fundi alikaa kwenye ngazi. Alitaka kutunga neno jingine, lakini lililotoka ni lile lililokuwa likimkereketa kwa mwaka mzima. "Kwa nini ulimpa yeye?"

Mzee hakuchelewa kujibu. "Aliniomba."

Akaeleza, bila kupamba, kwamba Kitinda alikuja akakaa palepale akamwomba, na yeye kabla ya kukubali alimtajia binti yake gari lile, na binti akasema ni bati linalokula mafuta.

Dada Fundi alikumbuka. Alikuwa chini ya lori siku hiyo, na alisema vile kwa sababu aliona haya kutamani mali ya mtu ambaye ndiyo kwanza anapoteza macho. Alingoja apewe. Alidhani miaka ishirini na miwili ilishaomba kwa niaba yake, na sasa alimwambia baba yake hivyo.

"Sikujua," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Kisha akaongeza, "Mpigie mdogo wako."

Kitinda alifika asubuhi iliyofuata. Dada yake alimwonyesha mpira wa bluu, akambonyezea kwa vidole viwili ili aelewe, kisha akamwambia yaliyobaki, kwamba kazi iliisha siku ileile na siku nyingine zote alilikalia tu. Kitinda alikunja uso. Alitaja zile lifti, alitaja mkubwa wake wa kazi, akauliza kwa nini hakusema tu kwamba analihitaji.

"Nilikuwa na wivu," alisema Dada Fundi. "Bado ninao."

Kitinda aliuchukua ufunguo akauzungusha kidoleni. "Na mimi je? Mlikaa humu miaka yote hiyo mkicheka wawili, mimi hamkuniachia hata kifuniko cha rejeta. Hili gari ndicho kitu pekee cha baba nilichopata kukishika."

Hakulitoa, na dada yake hakuomba alitoe. Lakini Kitinda alimwambia apande wakalijaribu pamoja, na Dada Fundi akakaa kiti cha abiria cha gari lile kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kitinda alichelewa kubadili gia kwenye kona, akaikwaruza ya tatu. Dada aliuma mdomo. Walipoingia barabara kuu alimwambia asiogope, akanyage. Gari lilivuta, mia, mia na ishirini, dakika kumi, dakika ishirini, na mshale haukutikisika. Kitinda alicheka kwa sauti akampiga dada yake begani.

Naye alifurahi, kama fundi anayeona kazi yake imekaa. Ila mguu wake wa kulia ulikuwa umekanyaga zulia kwa nguvu zote, pasipo na pedeli ya mafuta ya kukanyaga, na aliuacha hapohapo mpaka walipofika.