Sare ya Kwendea Korongoni

Nikipitisha pasi ya mkaa juu ya jani bichi la mgomba ili kuisafisha masizi, harufu yake inanirudisha jikoni kwetu Kansay, siku moja kabla ya ziara ya shule kwenda kwenye korongo la mto. Mama alikuwa akinyoosha sare ya dada yangu. Dada alijikunyata karibu na mafiga, akichora korongo kwenye majivu kwa kijiti.

"Mto unapita hapa chini," aliniambia. "Viazi vyetu tutavilia hapa, miguu ndani ya maji."

Nikamshika mkono. Ulikuwa unachoma.

"Usimwambie mama," alininong'oneza. "Mwalimu hachukui wagonjwa."

Sikusema. Nilijiona mdogo mwema.

Alfajiri mama alimwamsha, hakuamka. Lori la ziara likapiga honi nje, likasubiri kidogo, likaondoka. Tulimzika na sare ile.

Leo mwanangu ameniletea fomu ya kwenda korongo lilelile.

"Mama, weka sahihi basi, wenzangu wote wanaenda."

Nimeweka pasi chini. Nimemshika paji la uso, kisha shingo, kisha paji la uso tena.