Mwezi Uliotulizwa kwa Mafuta ya Sangara

Nyie mliokulia Mwanza soko huria lilipoingia, mnazikumbuka redio kaseti za bei poa? Zilijaa kila duka, na zilikufa haraka kuliko vifaranga. Sisi watoto ndio tuliorithi maiti zake. Wenzangu walichomoa sumaku wakachezea. Mimi, mhandisi wa kujipachika, nilichomoa mota.

Nilikuwa na darubini ya bomba la plastiki na vioo vya miwani chakavu. Tatizo lilikuwa mwezi. Ukishaupata, unateleza na kutoka kwenye kioo kabla hujamwita mtu aone. Bibi, mama yake mama, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Nansio, na kesho yake alikuwa anarudi na meli. Nilikuwa nimemwahidi kwamba ataangalia mwezi kwa raha zake. Kwa hiyo ilibidi darubini igeuke yenyewe, polepole, bila kushtuka.

Nikaifunga mota kwenye gurudumu la baiskeli kwa mkanda wa mpira, juu ya jiwe nyuma ya nyumba, na bomba la darubini nikalifunga kwenye gurudumu hilo. Jaribio la kwanza, bomba lilizunguka kama feni likamzaba dada yangu Neema kofi. Mama akasema, "Wewe, kasome hesabu. Hayo mengine yatakuua." Nikabana, nikalegeza, nikaongeza magurudumu, ikawa inakwenda kwa kwikwi. Mwisho nikayapaka magurudumu mafuta ya sangara, yule samaki wa ziwani, maana ndiyo yaliyokuwa bwerere mtaani. Jioni upepo wa ziwa ulipopoa, mafuta yakaganda, mota ikalemewa, darubini ikaanza kwenda taratibu kabisa. Nikajigamba kwamba nimepiga hesabu. Sikuwa nimepiga chochote. Paka wa mtaa mzima walikuja kunusa kazi yangu, Neema akawazuia kwa ufagio.

Bibi akainama, jicho la kushoto kwenye kioo. Akakaa hapo muda mrefu.

"Umetulia, mjukuu wangu," akasema. "Hausogei hata kidogo."

Asubuhi, meli ilipokwisha kuondoka, mama akaniambia kwamba jicho lile la kushoto la bibi lilikuwa halioni kitambo. Niliona aibu, halafu hamu ya kumwona bibi ikanishika sana.

Vijana wa leo hawahangaiki na mafuta wala paka. Mwanangu hunyoosha simu angani mara moja, kisha ananiletea picha. "Baba, umeuona?" Miwani yangu iko chumbani. Namjibu naona, mwanangu, na ninaendelea kukodoa macho mpaka achoke yeye kushika simu.