Visanduku Viwili Visivyosalimiana

Tadei alikuwa fundi redio karibu na stendi ya Sumbawanga, na alikuwa na ugonjwa mmoja: redio ikipona, aliifungua tena aone imeponaje. Alisomea ufundi Mbeya, akarudi na kompyuta ya mtumba iliyonguruma kuliko mashine ya kusaga. Mkwewe, Mzee Adriano wa Kasense, hakuwahi kukanyaga kibanda chake. Akimhitaji alisimama ng'ambo ya barabara akapiga mluzi, kama anaita mbwa, na Tadei akatoka mbio.

"Binti yangu Bertilla ameolewa na waya," mzee alikuwa akisema. Nyumbani kwake alikuwa ameweka jembe jipya, lenye mpini mrefu na mzuri. "Waya zikimshinda, jembe hili hapa. Ntumba hazimkatai mtu." Ntumba ni yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa hufukia majani ndani yake, na kuyainua kunaumiza mgongo usiseme. Tadei aliliogopa jembe lile kuliko alivyoogopa njaa.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, serikali imeachia mkono na kila mtu anajitafutia. Pampu ya zamani ya Kasense ilikufa na fundi wa wilaya hakuonekana tena. Ndipo Mzee Bundala, mfugaji Msukuma aliyehamia pale na ng'ombe wake, aliponunua pampu akaiweka bondeni. Mzee Adriano naye akajenga tangi kilimani kwa ajili ya wakulima, lijazwe na pampu hiyo. Wazee hawa walielewana kwa kila jambo isipokuwa nani apande kilima kuchungulia kama tangi limejaa.

"Vitaambiana vyenyewe," Tadei akajitapa. Angetengeneza visanduku viwili: cha tangini kiseme limejaa, cha pampuni kisikie na kuzima mashine. Mzee Adriano akakubali kwa sharti. Vikiongea, jembe ataliweka kando. Visipoongea, Tadei afunge kibanda aje Kasense kulima.

Tadei akavuta waya kutoka tangini hadi pampuni. Ng'ombe wa Bundala wakaukanyaga ukakatika wiki ileile. Hapo ndipo alipoonyesha umahiri wake, maana maelekezo aliyoyaandika ndani ya visanduku hayakujali njia. Yalipitishia maneno kwenye kidirisha kimoja tu, kama mtu anayetia barua posta bila kuuliza kama itapanda lori au baiskeli. Akaondoa waya, akafunga redio mbili kuukuu za kupeleka maneno hewani, na hakubadilisha hata herufi. Angeishia hapo angekuwa shujaa.

Kosa lake lilikuwa kuwaeleza wazee.

"Kimoja lazima kianze kukiita kingine," alisema. "Kingine kinakaa, kinasubiri kuitwa."

"Kama shikamoo," Mzee Adriano akasema. "Mdogo anaanza. Basi changu kisubiri."

"Hapana, baba, cha tangini ndicho…"

"Tadei."

Mtu habishani na mkwewe. Tadei akainamisha kichwa. Alipoteremka bondeni, Mzee Bundala alikuwa ameshapata habari. "Mimi nina wajukuu kumi na wanne," akasema. "Kitu changu kimwamkie nani? Kisubiri." Na yule naye alikuwa mzee, Tadei angefanyaje? Akarudi kibandani, kwa adabu zake zote, akavifanya vyote viwili vingoje kuamkiwa. Alijua kabisa ni upuuzi. Alitumaini labda vitaoneana haya.

Siku ya uzinduzi kijiji kizima kilipanda kilimani, isipokuwa Mzee Bundala aliyebaki bondeni na pampu yake. Mzee Adriano alivaa suti ya ndoa yake akasimama chini ya tangi. Pampu ikawashwa. Taa ya kisanduku cha juu ikawaka njano, cha chini ikawaka njano, kila kimoja kimekaa kama mwenyekiti kinangoja heshima yake. Tangi likajaa. Maji yakachungulia ukingoni, yakafikiri kidogo, kisha yakamwangukia Mzee Adriano utosini.

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Tadei hakucheka. Aliona ntumba zimejipanga mbele yake mpaka Namanyere.

"Bertilla, kalete jembe," mzee akasema huku akitiririka maji.

Bertilla hakwenda. "Baba," akasema, "ukifika kwa mtoto wako aliyeolewa, nani hupiga hodi?"

"Mimi. Ndimi niliyefika."

"Hata kama wewe ni mkubwa?"

"Hodi haina ukubwa. Nani huingia nyumba ya watu kama mwizi?"

"Basi kisanduku chako kinapeleka habari kwa Mzee Bundala. Ni mgeni. Kipige hodi."

Mzee Adriano akakamua koti lake, akafikiri. "Mgeni huketishwa," akasema. Watu wakapokezana maneno hayo hadi bondeni, na kutoka chini Bundala akapaza sauti kwamba mwenye nyumba yuko tayari kukaribisha. Tadei alikuwa ameshapiga magoti mbele ya kisanduku cha juu, akirekebisha mistari miwili ya maelekezo. Taa ikawaka kijani. Cha chini kikajibu kijani. Pampu ikakohoa, ikanyamaza, na maji yakasimama sawasawa na ukingo.

Jumatatu iliyofuata Tadei alikuwa kibandani akiunga waya, Bertilla akimshikia taa. Alisubiri mluzi, maana alishamwona mkwewe ng'ambo ya barabara. Mluzi haukuja. Mzee Adriano alivuka, akasimama mlangoni, jembe begani, akakohoa.

"Hodi," akasema.

Tadei aliruka, akaanza kukusanya waya sakafuni. Mzee akangoja. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alimngoja mkwe.

"Jibu basi," Bertilla akamsukuma. "Au na wewe taa yako ni ya njano?"

"Karibu, baba," Tadei akasema.

Mzee akaingia, akatafuta pa kukaa katikati ya waya, kisha akamkabidhi jembe. "Mpini wake ni mrefu," akasema. "Utoe, ukafungie antena."