Mabula Anayenyoosha

Kwa Wasukuma, mtoto akizaliwa mvua inanyesha anaitwa Mabula. Na mvua hainyeshei nyumba moja. Ndiyo maana kila walikohamia na ng'ombe wao, kuanzia Usevya mpaka Mpanda mjini, ukiita "Mabula!" sokoni wanageuka watu wanne, na wa tano anauliza kuna nini.

Huyu wa kwetu ni fundi baiskeli wa mtaa wa Makanyagio, Mpanda, miaka hamsini na minane, mwembamba, vidole vyeusi kwa grisi. Sifa yake ni kunyoosha ringi. Mpelekee gurudumu lililopinda mpaka wewe mwenyewe umelikatia tamaa, atalitundika, atalizungusha, atakaza spoki hii na kulegeza ile, mpaka litulie. Kwa hilo hana mpinzani. Lakini nani aliyewahi kukaa kijiweni akasimulia habari za ringi?

Wenzake wa jina ndio waliokuwa na ya kusimuliwa. Kulikuwa na Mabula mtangazaji, ambaye akikohoa redioni wilaya nzima inampa pole. Kulikuwa na Mabula refa, aliyempa kadi nyekundu mdogo wake wa tumbo moja, na mama yao yupo uwanjani. Na kulikuwa na Mabula wa Magamba, mnyoosha mifupa, anayefuatwa na watu kutoka mbali. Huyo wa mifupa ndiye aliyemkera fundi wetu. Simu zake zilipotea njia kila wiki, zikaangukia kwa fundi.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye Mabula?"

"Marahaba, ndiye mimi."

"Yule wa mifupa?"

"Hapana, wa baiskeli."

"Aa!" Simu inakatwa. Hata kwaheri hakuna.

Iliuma, tusidanganyane. Siku moja alimwambia mkewe Matilda, "Ningezaliwa kiangazi, ningekuwa na jina langu peke yangu."

"Ungezaliwa kiangazi ungelalamikia vumbi," Matilda akamjibu, akaendelea kuchambua maharage.

Basi Jumanne moja asubuhi bajaji ikasimama mbele ya banda lake, wakashuka kijana na mkewe, wametoka Mishamo kwa basi. Kijana aliitwa Venant, mke Evaline. Mkono wa Evaline ulikuwa umefichwa ndani ya kitenge. Stendi walikuwa wameuliza, "Mabula anayenyoosha anakaa wapi?" Dereva wa bajaji, ambaye wiki hiyo hiyo alinyooshewa ringi ya baiskeli yake, hakuona cha kuuliza zaidi. Akawaleta.

Venant aliinama, akamshika fundi mikono yote miwili. "Shikamoo mzee. Sifa zako zimefika mpaka kwetu Mishamo. Mke wangu jana jioni kaanguka na baiskeli ya mihogo, mkono umevunjika. Wakasema, nendeni kwa Mabula, huyo ananyoosha."

Hapo ndipo mtu mzima alitakiwa kusema, "Mwanangu, mmepotea." Maneno mawili tu. Mabula alifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Karibuni, kaeni."

Shetani gani huyo? Ni utamu tu. Toka azaliwe hakuna mtu aliyepanda basi alfajiri kwa ajili yake. Akawakalisha kwenye benchi, akaagiza chai kwa Zubeda mwenye duka la pili. Venant akatazama magurudumu yaliyoning'inia, akatikisa kichwa kwa heshima. "Kumbe hata baiskeli unatengeneza, mzee! Mwenye kipaji hapumziki."

Zubeda alipoleta vikombe alikuwa amesikia ya kutosha. Akamnong'oneza, "Mifupa umeanza lini, fundi?" Mabula akajifanya hajasikia. Akauliza habari za safari, za mvua ya Mishamo, za mahindi. Alikuwa anajiambia kwamba akimaliza kikombe atasema. Akamaliza, akaongezwa. Ikapita nusu saa.

"Baba," Evaline akasema taratibu, "mkono siusikii tena."

Mabula akafunua kitenge. Majirani walikuwa wamemfunga vijiti kwa vipande vya khanga, na walikaza kwa nguvu zao zote, kwa nia njema kabisa. Vidole vilikuwa vimevimba, vimepiga rangi ya bluu. Alipovigusa vilikuwa baridi, na asubuhi hiyo jua lilikuwa limeshachoma bati.

Mifupa hakuijua hata kidogo. Alichojua ni kukaza. Spoki ukiikaza kupita kiasi haisaidii ringi, inaiua. Mikono yake ikaanza kazi kabla hajaituma: akalegeza kipande kimoja, kisha cha pili, kidogo kidogo, vijiti akaviacha mahali pake ili mfupa usitikisike. Evaline akauma kitenge asipige kelele. Baada ya muda vidole vikaanza kurudia rangi yake.

"Mama, nisamehe," Mabula akasema. "Mimi siye. Mimi nanyoosha magurudumu. Twende hospitali sasa hivi."

Venant alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. Kwenye bajaji Mabula alikaa katikati, ameshikilia vile vijiti njia nzima.

Mchana Venant akatoka wodini, akamkuta bado amesimama nje. "Daktari kasema damu ilikuwa haipiti. Kasema aliyelegeza kaokoa vidole."

"Usinishukuru," Mabula akasema. "Ulipotaja mkono tu nilijua mmepotea. Nikanyamaza. Nilipenda jinsi ulivyoniita."

"Nusu saa nzima, mzee?"

"Nusu saa."

Venant akang'ata midomo. Alikuwa na haki ya kutukana, na ilionekana tusi liko karibu. "Ingia kamwambie mwenyewe," akasema. "Mkono ni wake."

Evaline alikuwa amekaa kitandani, mkono umeshafungwa hogo jeupe la plasta mpaka kwenye kiwiko. Mabula akasimama mlangoni, akaeleza yote, bila kupunguza: chai, vikombe viwili, ule utamu wa kuitwa. Mwanamke akamsikiliza huku anavichezesha vidole, kimoja kimoja, kuhakikisha viko vyote.

"Unajua nilivyolia kwenye basi?" akasema. "Jirani yetu alishakwenda Magamba. Anasema yule mzee hafungui wala haulizi, anaanza kwa kuvuta. Nilikuwa namwomba Mungu tusimkute." Akamtazama fundi usoni. "Asante kwa kutokuwa yeye, baba."

Mabula akageukia dirisha. Miaka hamsini na minane, hakuna mtu aliyewahi kumshukuru kwa hilo.