Blanketi la Viraka

Rangi ya njano tuliipata kwenye maganda ya vitunguu, ya kahawia kwenye utomvu wa migomba, ule unaowafanya akina mama wa Muleba wawafukuze shambani watoto waliovaa nguo za kanisani. Kila Jumamosi tulikutana watatu nyuma ya nyumba za wauguzi: muuguzi, mwalimu mwenzangu, na mimi niliyekuwa nimetoka tu chuo kikuu. Tulifunga vitambaa mafundo kwa kamba za migomba, tukavichemsha kwenye rangi na chumvi, kisha tukavifungua kuona vimetoka vipi.

Duka la ushirika lilipata kitambaa cha marekani kwa nadra, hivyo tulitia rangi chochote: mfuko wa unga, kipande cha shuka kuukuu. Mwalimu mwenzetu alipochumbiwa kijijini Kishanda, muuguzi akasema tuviunge, tumshonee blanketi.

Nilishona kwa furaha hadi tulipokaribia kumaliza. Hapo nikaanza kuwaza. Kiraka ni kiraka. Mama mkwe atalikunjua mbele ya wanawake wa ukoo, waseme mwalimu mzima kaletewa matambara. Sisi tutarudi zetu, yeye atabaki nao.

"Tutafute la dukani," nikamwambia muuguzi.

"Duka gani hilo? Wewe ukipewa chumvi unauliza imetoka bahari gani."

"Wakimdharau je?"

"Watakaomdharau kwa blanketi walishaanza zamani." Hakuinua hata macho.

Tulipofika Kishanda bibi harusi alikuwa bado anakaa ndani baada ya harusi, kama ilivyo desturi, hali ila kwa kuletewa. Tulipiga magoti kwenye nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni, tukasalimia, tukapewa kahawa ya kutafuna. Nilitafuna punje moja mpaka ikaisha ladha.

Mama mkwe akalipokea blanketi, akalikunjua. Akapitisha kidole kwenye mishono.

"Mmeshona kwa mkono?"

"Kwa mkono, mama," muuguzi akajibu.

"Poleni na kazi."

Akalitandika kitandani, viraka chini, bitana nyeupe juu. Akalinyoosha vizuri, akatoka kwenda kupakua chakula. Nilimtazama muuguzi.

Bibi harusi, ambaye hakutakiwa kuinua hata kikombe, akasimama. Akalishika blanketi kwa pembe, akaligeuza.

"Hiki nilikifungua mimi," akasema, akigusa duara la njano. Kisha akakaa juu yake.

"Keti vizuri basi, anakuja," nikamnong'oneza.

"Na aje."

Mama mkwe akaingia na sinia la ndizi na maharage. Akasimama mlangoni akitazama kitanda, kisha mkwewe, ambaye naye hakuinamisha kichwa. Nilitaka kueleza, kuomba radhi, hata kusema kosa ni langu. Akaweka sinia sakafuni, mbali na kitanda.

"Njoo ule huku chini," akamwambia. "Mchuzi usije ukalidondokea blanketi."